Bwawa Nililosema Nimeliona

Nilidanganya, ndugu zangu. Kaka yangu amelala porini kwa sababu ya mdomo wangu, na mpaka leo anayejua ni mimi na Mungu tu.

Ilikuwa miaka ya sabini, ukame umetukaba huku kwetu Shinyanga. Majani yaliisha kabisa. Kaka Masanja akaamua tuhamishie ng'ombe Rukwa, kwa miguu. Safari ya miezi mitatu, pengine minne!

Tulijiandaa sana. Shemeji, Mama Kulwa, alianika michembe ya viazi mpaka mawe yote ya uani yakajaa. Kaka alitukatia katambuga, viatu vya tairi, kila mtu jozi mbili. Mimi nilipewa kazi moja: nitangulie Kahama, niingie lile pori la kusini, nikague maji.

"Usiulize watu," kaka aliniambia. "Uone kwa macho yako."

Pale Kahama, mtaa wa Nyasubi, nikakutana na mwanamke mpika pombe, mcheshi ajabu. Nikakaa kwake siku tisa! Porini sikutia mguu. Nilimuuliza tu mrina asali mmoja aliyepita kunywa kama huko kuna maji.

"Mwaka juzi kulikuwa na bwawa zuri," akasema. "Mwendo wa siku tano."

Hilo ndilo nililolibeba nyumbani. "Nimeliona," nikasema. "Bwawa kubwa, limejaa ndege." Ndege! Niliwaongezea hata ndege!

Shemeji alikuwa ameandaa vibuyu kumi na viwili vya maji. Kaka akamwambia abebe sita tu, ili punda apate nafasi ya unga na chumvi. Shemeji akanigeukia.

"Shemeji, una hakika?"

Nikacheka. "Mtaoga humo mpaka mchoke."

Siku ya tano baada ya kuiacha Kahama tukafika. Tope limekauka, limepasuka vipande vipande. Ng'ombe wananusa ardhi na kulia. Wote wakanitazama. Ningesema pale pale! Badala yake nikanyoosha kidole. "Silo hili. Lile liko mbele kidogo, kule."

Kaka hakuniuliza mara mbili. Mafunda ya mwisho aliwaachia wanawe, Kulwa na mdogo wake, akachukua kibuyu kitupu. "Kaeni kivulini na ng'ombe. Nikilifikia nitawaita." Akaenda kule kule nilikoonyesha.

Hakutuita.

Kesho yake warina asali walitukuta tumelala hoi, wakatunywesha. Tukamtafuta pamoja. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye mti, katambuga kazivua na kuzipanga pembeni kama mtu aliyefika kwake. Mmoja wa wale warina akatikisa kichwa. "Mbona alikuja huku? Kisima kiko upande ule mwingine, si mbali."

Tukamzika. Nikanyamaza.

Tulirudi nyumbani na ng'ombe kumi na mmoja tu. Tangu hapo, nikitoka shambani mchana kweupe, nasikia katambuga nyuma yangu. Nikisimama, zinasimama. Nikigeuka, njia tupu! Mke wangu wa kwanza aliondoka, akasema hawezi kuishi na mtu anayeongea na barabara.

Hilo nalivumilia. Nisiloweza kuvumilia ni shemeji. Juzi Kulwa, ambaye sasa anataka kuoa, alikuwa anabishana naye kuhusu siku ile. Shemeji akamkata: "Kamuulize baba yako mdogo. Yule hana uongo."

Nilikuwa mlangoni. Nikageuka nikaondoka kabla hawajaniona.

Nimejaribu mara tatu kwenda kumwambia. Nafika, ananikaribisha, ananiletea maji ya kunywa, nayanywa, naaga. Ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua.

Wewe uliyetumwa kuangalia njia na hukuiangalia, rudi useme, "Sikufika." Watakutukana, watakupiga hata. Kubali! Usiwaache watu wafunge mizigo yao kwa maneno yako.