Maji ya Kunawa

Ile filamu niliichukia kabla haijafika katikati. Mwanamume na mwanamke walioachana zamani wanakutana uwanja wa ndege. Mvua inawanyeshea wao tu. Mwanamke anaangusha mkoba, anakimbia taratibu, nywele zinapepea, na muziki unalia kwa niaba ya watu wasio na la kusema. Hakuna anayemwuliza mwenzake alikuwa wapi. Mimi naandika riwaya, najua jinsi mapenzi yanavyokataa kuandikika, na uvivu wa namna ile hunitia kichefuchefu.

Tuliitazama mchana kwa shangazi yangu, anayeuza chakula Katoro, karibu na soko. Waendesha bodaboda waliacha sahani zikapoa, wakapangusa macho kwa mikono yenye harufu ya dagaa.

"Hao ndio wanapendana," alisema mmoja.

"Mke wangu wa kwanza akinikuta uwanja wa ndege," mwenzake akajibu, "ujue amekuja na mjumbe, anadai matunzo ya watoto."

Shangazi alikuwa anasonga ugali. "Huyo dada anakimbilia nini? Si angemwuliza kwanza?"

"Shangazi, huna moyo!" akalalamika yule wa kwanza.

"Ninao. Kula."

Nilijua anasema nini. Ujanani alimpenda mwanamume mmoja aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. "Duara likitema nitakufuata," alimwahidi. Duara ni shimo lao; likitema, limetoa dhahabu. Shangazi alisubiri. Alikataa mchumba kutoka Bukombe, mtu mzima mwenye ng'ombe na adabu, akasubiri tena, mpaka wachumba wakaacha kuja. Baadaye tukasikia yule bwana yuko Isaka, ana nyumba na mwanamke.

Wiki ile ile ya filamu, akarudi. Hakuja na mvua wala muziki. Alikuja na mfuko wa nguo na kikohozi cha vumbi la mawe. Alisimama mlangoni, akasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," kisha akamwita shangazi kwa jina la usichana, jina ambalo nilikuwa nalisikia kwa bibi tu. Mmoja wa wale waendesha bodaboda akapunguza sauti ya runinga.

"Karibu," shangazi alimjibu kwa Kiswahili, kama anavyowajibu wateja wote.

"Nimerudi," akasema, akiketi. "Nimechoka kutangatanga. Nataka tukae pamoja, kama tulivyosema."

"Duara lilitema?"

Alitazama meza. "Lilitema. Kidogo. Likaisha."

"Haya. Karibu chakula."

Alimwekea ugali na sato. Yule bwana hakugusa. Alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, akangoja. Kwetu mwanamume aliyerudi nyumbani huletewa maji: mwanamke huja na jagi na beseni, huchuchumaa, humwagia mikononi. Wateja hunawa wenyewe kwenye ndoo yenye koki. Kila mtu mle ndani alielewa mikono ile inaomba nini. Mikono ambayo miaka yote hiyo haikutuma hata kilo ya sukari! Na ilikaa pale, imetulia, kama iliyoahidiwa.

"Mletee maji, mama," alinong'ona yule mwendesha bodaboda, macho yakimng'aa. Wateja walitaka shangazi akimbie katikati ya masufuria. Filamu moja ya kipuuzi ilikuwa imewafundisha kwamba kurudi peke yake kunatosha.

Shangazi aliitazama ile mikono. Kisha akafuta viganja vyake kwenye kitenge.

"Ndoo iko pale mlangoni, baba. Sabuni iko juu yake."

Wateja waliguna kama timu yao imefungwa. Yule bwana aliinuka, akanawa, akanawa tena, mgongo umetugeukia. Kisha akarudi, akala mpaka akamaliza, akachukua mfuko wake na kushika njia ya stendi.

"Shangazi, umetuharibia," alisema yule mwendesha bodaboda.

"Nimewaharibia nini? Ugali upo."

Alikwenda mlangoni, akaitikisa ndoo, akaikuta tupu. Akaibeba kwenda kuijaza.