Behewa la Kumi na Tisa

Niliondoka nyumbani Igoma, pembeni mwa Mwanza, kwa sababu ya simu moja. Nalongo, mteja wangu wa Kampala (ndivyo kwao wanavyomwita mama wa mapacha), aliniambia mafundi wake wamekaa bure, shule zinafungua Jumatatu, na vitambaa vya sare havijafika. "Dada, Mombasa nako kuna bahari," alisema, kwa upole ulionitisha.

Jumanne asubuhi, bandarini Mwanza. Behewa langu lilikuwa limefika kwa reli kutoka Dar, na majora mia sita ndani. Hesabu ya kwanza nilipata mia sita. Ya pili, pungufu moja, mpaka nilipogundua nimelikalia. Ilibaki kulisukuma behewa liingie melini, maana meli ile ina reli tumboni.

"Halipandi, mama," akasema mpanga mizigo. "Kulia tisa, kushoto tisa. Lako litaiinamisha meli. Litafutie mwenzake."

Nilihesabu mwenyewe. Tisa, tisa. Nikarudia, huenda moja lilijificha.

Saa tano nikampata mwenzake: behewa la mashudu ya pamba ya kulishia ng'ombe, la mzee wa Usagara aliyekuwa akinywa chai bila haraka yoyote.

"Shikamoo mzee. Mzigo wako uende leo."

"Marahaba. Jumapili mjukuu wangu anapata kipaimara. Nitasafiri wiki ijayo."

"Baki na mjukuu. Mashudu nitayasindikiza mimi."

"Utayaweza? Yananuka."

"Nakaa jirani na mfuga nguruwe."

Akacheka, akanipa karatasi zake, akataka nikirudi nimletee mikungu mitatu ya matoke. Tulishuka hadi mmoja.

Jioni tuling'oa nanga. Meli ilikwenda wima kabisa, nami nikajiona kama ndiye niliyeishikilia.

Jumatano alasiri, Port Bell, bandari ya Kampala. Nilimkabidhi mnunuzi mashudu ya mzee, kisha Nalongo akafika. Akahesabu majora. Akahesabu tena. Nikazidi kumpenda.

"Yametimia," akasema. "Jumatatu watoto watavaa."

"Na muhula ujao?"

"Nusu kwako, nusu Mombasa."

"Robo tatu kwangu."

"Nusu, dada. Asiye na bahari hawezi kutegemea mlango mmoja."

Ijumaa nilishuka Mwanza na mkungu wa mzee begani. Miaka yote nimewahurumia watu wasio na bahari. Kumbe Nalongo anachagua kati ya mbili, na mimi, ambaye nchi yangu inayo, nina Nalongo mmoja tu, naye kuanzia muhula ujao ni nusu.