Udongo wa Rwamgasa

Nilipokuwa mtoto, safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa ya kwenda kumchukua baba, naye alikuwa ameshakufa. Duara, yaani shimo alilokuwa akichimbia dhahabu kule Rwamgasa, lilititia akiwa ndani. Wenzake walifukua mpaka wakakata tamaa, wakatuletea habari huku kwetu, upande wa Kahama, kwamba mwili hautatoka.

Bibi, mama yake baba, alisema mtu haachwi ugenini kwa sababu tu mwili umekwama. Angechota udongo pale alipofia, auzike uani kwetu, na baba angekuja pamoja nao. Ila kila njia panda na kila mto lazima marehemu aambiwe na ndugu wa damu, la sivyo hubaki papo hapo, na hachukuliwi mara ya pili. Mama alikuwa hajiwezi kwa kilio, kwa hiyo Bibi alinichukua mimi, mtoto wa pekee.

Machimboni nilitarajia kitu cha kutisha. Niliona shimo tu, na vijana waliojaa vumbi wakimwamkia Bibi huku wakitazama chini. Alifunga udongo kwenye kipande cha kanga, akaukumbatia, tukaanza kurudi kwa miguu. Basi hakulitaka, aliogopa lingevuka mahali kabla hajasema.

Nimetembea sehemu nyingi tangu hapo, kwa kazi na kwa kupenda, lakini sijawahi kuijua njia kama ile. Bibi aliitaja yote, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula. "Masanja, hapa njia zinagawanyika, twende mkono wa kushoto." "Masanja, huu ni mto, shika nguo yangu." Nilianza kuhisi tuko watatu, na nilifurahi, maana baba alikuwa hajawahi kukaa nami muda mrefu hivyo.

Kesho yake malengelenge miguuni yalipasuka, nikawa nalia kimyakimya. Lori la mpunga likasimama. Bibi aliitazama miguu yangu, akakubali, tukapanda juu ya magunia. Alisema hatalala. Lakini masikini alikuwa hajalala tangu msiba, na usingizi ukatuchukua wote wawili.

Niliamshwa na sauti yake akimuuliza utingo kama mto mkubwa bado.

"Tumeshauvuka, bibi."

Alimsihi dereva arudi, dereva akasema kwa upole kwamba mzigo unasubiriwa, ila akitaka kushuka atasimama. Mto haukuwa mbali sana, kwa mtu mwenye miguu mizima. Bibi aliitazama tena miguu yangu, kisha akamwambia aendelee.

Jioni mama alitupokea njiani. Aliuliza kama Bibi amefika na baba. Bibi alimkabidhi ile kanga.

"Nimefika na mtoto," alisema.

Udongo ulizikwa, watu wakaimba. Bibi alisimama pembeni, na sikumsikia tena akilitaja jina la mwanawe hadi alipofariki.

Siku hizi kuna lami, na basi hupita juu ya mto ule abiria wakichezea simu. Mimi siamini sana kwamba wafu hupotea njia. Hata hivyo, kwenye kaburi la uani sijawahi kutoa chozi, ila pale darajani hunitoka bila kuniuliza. Zamani nilidhani namlilia baba. Sasa nina watoto wangu, na najua ninayemlilia ni Bibi, aliyelazimika kumchagua mmoja wetu, akanichagua mimi.