Pipa Lisilovunjika

Dorsey Mayhall alikuwa mtu wa kuchomelea vyuma, na tangu ujana wake aliamini hakuna kilichovunjika ambacho moto hauwezi kukiunga. Lango la kiwanda cha pamba likipinda, anaitwa yeye. Majiko makubwa ya kukaangia samaki ya kanisa letu aliyatengeneza yeye kwa vyuma vya kuokota, na hata leo hayavuji. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsifia kazi yake alikunja uso, kisha kutwa nzima ukamsikia anapiga mbinja karakanani.

Maneno alimwachia Nelda, mkewe. Nelda aliongea tangu kahawa ya asubuhi mpaka taa zinazimwa, na alikuwa na kicheko cha kumfikia mtu barabarani. Halafu akapigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali upande mzima wa kulia umelala, uso umevutwa chini, na maneno yote yamemtoroka isipokuwa machache: ndiyo, hapana, lini. Chakula kikawa vita. Dorsey alipika wali na maharage mekundu, akapika uji wa mahindi na siagi, akabembeleza mpaka jasho likamtoka, na Nelda alifumba tu midomo.

Daktari hakuwazungusha. Akizidi kukonda, alisema, itabidi awekwe kwenye nyumba ya wagonjwa kule mjini Monroe, alishwe kwa mpira wa puani. Binti yao Jolene, aliyekuwa akiishi huko huko Monroe, alilia lakini alikubali. Dorsey hakukubali. Alitoka nje akasimama kando ya gari lake, akajisemea kwamba mkewe hatafia kwenye chumba chenye harufu ya dawa wakati nyumba yake ipo.

Kitu kimoja tu kilimlegeza Nelda, nacho ni dirisha la jikoni. Upande ule, ukingoni mwa msitu, Dorsey alikuwa na pipa la kulishia kulungu, kama tulivyo nalo karibu sote huku. Lilisimama juu ya miguu mitatu ya chuma, na chini yake mota ndogo ya betri. Jioni ikifika, mota inazunguka, mahindi yanarushwa, na kulungu wanatoka mitini kwa madaha yao. Nelda alipowatazama alisahau kukataa, na Dorsey akapata nafasi ya kumtilia kijiko kimoja, viwili. Si vingi, lakini ndivyo vilivyomweka nyumbani.

Kisha dubu akaja.

Wazee wetu waliwamaliza dubu wa bonde hili la mto, tukakulia bila kuwaona. Sasa wamerudi, na serikali inawalinda. Ukimpiga mmoja risasi utajieleza mbele ya hakimu. Huyu alikuwa dume jeusi, kubwa, sikio moja limechanika. Alilikumbatia pipa kama anacheza nalo dansi, akaliangusha chini, miguu mitatu juu, kisha akaketi kitako katikati ya mahindi akaanza kula bila haraka wala haya.

Nelda alianza kupiga kioo cha dirisha kwa mkono wa kushoto, uliobaki mzima. Sauti ilimtoka kooni, mabega yakamtikisika, machozi yakatiririka kwenye ule uso uliopinda. Dorsey roho ilimruka. Akavuta kiti cha magurudumu nyuma haraka, akamgeuza asione.

"Usiogope, Mama Jolene. Usiogope. Huyo nitamkomesha, wallahi tena."

Asubuhi yake Nelda alimaliza bakuli zima la uji. Dorsey akadhani ni nafuu ya mtu aliyeona mwizi ameondoka.

Akachomelea miguu mipya, minene mara mbili. Dubu akaikunja. Nelda akapiga kioo, akatokwa machozi, akageuzwa kiti. Na kesho yake akala. Dorsey aliona kula, hakuuliza kwa nini. Kichwa chake kilikuwa kimejaa vyuma.

Rayford, kaka yake Nelda, alikuja akamkuta karakanani amezungukwa na mabomba ya visima vya mafuta.

"Shemeji, hiki ni cha kulisha kulungu au unajenga gereza?"

"Gereza lako. Hiki chumba cha mbele, pale choo."

"Mimi nitakubali, ilimradi chakula kinarushwa kwa saa." Rayford akaligonga bomba kwa kiatu. "Lakini nakwambia ukweli, dubu amekuweka mfukoni. Mtu mzima, fundi, unashindwa na mnyama asiyejua hata kushika nyundo!"

"Cheka. Dada yako analia kila akimwona. Hilo nalo ni la kucheka?"

Rayford akaacha kucheka. Akavua kofia, akauliza saruji iko wapi.

Walisimamisha nguzo moja ndefu, wakaizika kwenye zege. Juu wakaweka mkono wa chuma, na kwenye mkono wakaning'iniza pipa kwa mnyororo, juu ambako dubu hata asimame kwa vidole hafiki. Ilikuwa kazi nzuri. Dorsey alisimama chini yake akakunja uso, basi Rayford akajua ameridhika.

Dubu akaipanda kama paka. Akaufikia mkono, akautikisa mpaka mahindi yakamwagika yote, akashuka kula.

Hapo ndipo Dorsey akakumbuka sherehe za mavuno za utotoni, jinsi nguzo ilivyopakwa mafuta, vijana wakapanda na kuteleza, wasifike nusu. Karakanani kwake palikuwa na grisi ya magari, tena nyingi, lakini aliikataa. Kulungu hupenda kujisugua shingo kwenye nguzo, na hakutaka Nelda aone mnyama mwenye manyoya yaliyogandamana kwa weusi wa grisi. Akaenda kwenye banda la kanisa, kwenye yale majiko yake, akajaza ndoo mafuta yaliyokwisha kukaangiwa kambare. Mafuta ya chakula, akawaza, hayamdhuru mtu. Akaipaka nguzo kwa upendo, kutoka chini hadi juu.

Jioni ile dubu akaja, akainusa nguzo. Akailamba. Akailamba tena, akasimama wima akalamba kadiri ulimi ulivyofika, kisha akajaribu kupanda na akateleza hadi chini kwa makalio. Nelda akapiga kioo kuliko siku zote. Dorsey alimgeuza, akampapasa nywele.

"Umeona? Basi. Amekwisha huyo."

Na kweli aliisha. Siku chache alirudi kulamba, kisha hakuonekana. Pipa likaning'inia pale juu bila hata mkwaruzo, mahindi yakarushwa kwa saa yake, kulungu wakaja wengi kuliko zamani, na watoto wao. Watu wakapita kuliona. Dorsey alipiga mbinja kutwa.

Nelda akaacha kula.

Dorsey alimsogeza dirishani karibu kabisa, akamwonyesha kulungu mmoja mmoja. Nelda aliwatazama kidogo, kisha akageuza uso ukutani. Kijiko kikarudi kimejaa. Jolene akapiga simu kuuliza uzito wa mama yake, na Dorsey, ambaye hakuwa amezoea kudanganya, akadanganya vibaya.

"Baba, nasikia sauti yako. Nakuja Jumapili, na tutaongea."

"Tutaongea nini?"

"Unajua, baba. Usinifanye niseme mimi."

Jumamosi Rayford akaja na habari. Hakutania. Aliketi mezani jikoni, Nelda yupo pembeni kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya chini, dada yake asisikie, kwamba kuna dubu alivunja banda la kanisa, akapindua majiko, akanywa mafuta yote. Akarudi mchana, kinamama wanapaka samaki unga, watoto wanacheza, akapita katikati yao akifuata harufu. Watu wa wanyamapori wakatega mtego wa bomba pana lenye mlango wa kujifunga. Dubu akishazoea meza za watu, walisema, ukimhamisha anarudi. Wakamdunga sindano ya mwisho.

"Yule yule?" Dorsey akauliza.

"Sikio lilikuwa limechanika. Nimekuja unionyeshe picha za kamera yako, tuwe na hakika."

Dorsey alijua harufu ile ya kambare dubu alijifunzia wapi. Alijua nani aliipaka, na kwa brashi gani. Akatoka nje, akachukua kamera ndogo aliyoifunga kwenye mti ili kuchunga pipa, akarudi akaiweka mezani, na picha zikaanza kupita kwenye kioo chake: kulungu, kulungu, sungura, halafu dubu, amekaa kitako kwenye mahindi, sikio limechanika.

Mkono mzima wa Nelda ukafika mezani. Ukaichukua kamera, ukaivuta kifuani. Ile sauti ikamtoka kooni, mabega yakatikisika, machozi yakaja. Safari hii hapakuwa na kioo wala dubu nje, wala kitu cha kuogopa. Dorsey hakumgeuza. Aliinama akamtazama machoni kwa karibu, kama alivyopaswa kufanya tangu siku ya kwanza.

"Ray," akasema. "Anacheka."

Rayford akamkodolea macho dada yake. "Mungu wangu. Anacheka kabisa. Hicho ndicho kicheko chake."

"Siku zote alikuwa anacheka. Nami nikamgeuza kiti. Kila mara nikamgeuza kiti."

Ndiye aliyekuwa akimlisha mkewe, yule jambazi mweusi mwenye makalio ya kuteleza. Kulungu walikuwa mapambo tu. Dorsey alitaka kupiga kelele, lakini hakuwa mtu wa kelele, akabaki ameshika ukingo wa meza.

Nelda akanyoosha kidole dirishani, kwenye nguzo, kwenye pipa lililoning'inia bila mkwaruzo. Kisha akamtazama mumewe.

"Lini?" akauliza.

Rayford akafungua kinywa. Dorsey akamtikisia kichwa, naye akakifunga.

"Atakuja," Dorsey akasema. Akashika kiti chake cha magurudumu. "Atakuja, Mama Jolene. Yuko msituni huko, anazunguka tu."

Akamsogeza dirishani. Akaleta bakuli la wali na maharage, akaketi kando yake, akainua kijiko bila matumaini. Nelda, macho nje, akafungua kinywa akapokea. Akatafuna, akameza, akafungua tena.

Mota ikazunguka, mahindi yakaruka, kulungu wakatoka mitini. Nelda aliwapita kwa macho, akatazama nyuma yao, kwenye giza la miti, akingoja. Kesho Jolene atakuja na kumkuta mama yake anakula, na atauliza imekuwaje, na Dorsey atalazimika kudanganya tena, mbele yake na mbele ya Nelda, na keshokutwa, na jioni zote zitakazokuja.

"Lini?"

"Karibu tu," akasema, akajaza kijiko.