Dizeli Haimwogopi Mkwe

Kuna siku moja sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na nikiwaona nyinyi vijana mkishuka kwenye boti na funguo shingoni, kana kwamba injini ni redio ya kuwasha na kuzima tu, naikumbuka zaidi. Keti kidogo. Wewe umesoma, mimi niliishia darasa la pili, lakini matangi ya dizeli nayajua.

Ilikuwa miaka ya tisini. Njia ya maji pale Mbita ilikuwa imezibwa na mawe ya barabara, kwa hiyo boti yetu ikitoka hapa Sori kwenda Homa Bay ililazimika kuizunguka Rusinga yote. Mume wangu Okelo ndiye aliyeshika usukani. Fundi alikuwa mzee Odiwuor, mtu mfupi, mpole, ambaye mikono yake ilinuka mafuta hata siku ya kanisa. Mimi nilikuwa nakata tikiti na kupika chai, mpaka mzee huyo alipoona nina jicho akanifundisha kupima mafuta.

Boti ile ilikuwa na injini mbili, na kila injini ilikula kwenye tangi lake, moja kushoto, moja kulia. Kati ya matangi hayo kulikuwa na bomba lenye koki. Nilikuwa na fimbo ya mpera niliyoichonga alama kwa kisu. Kila tukisimama naichovya, kisha namwambia fundi mafuta yamefika alama gani. Koki sikuruhusiwa kuigusa.

"Nyar Kadem," aliniambia, yaani binti wa Kadem, maana aliniita kwa kwetu nilikozaliwa, "fimbo ni yako, koki ni yangu."

Nilidhani ni uchoyo wa wanaume tu.

Siku hiyo tulipofika Takawiri akapanda kijana mvuvi aitwaye Ochieng', uso umemshuka. Mkewe Akinyi alikuwa amejifungua Homa Bay na damu ilikuwa haikomi. Ujumbe ulikuja na boti ya asubuhi: jamaa waje watoe damu, na waje kabla jua halijazama. Ochieng' akakaa upande wa kushoto. Nyuma yake akapanda mama mzazi wa Akinyi, Mama Peres, na wanawake saba aliowachukua ili damu isikosekane. Majina yao naweza kukutajia yote, kuanzia Dorsila mpaka Konsolata, lakini nitakuchosha. Kila mmoja alikuwa na gunia la omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu mwanamke wa kisiwani haendi mjini mikono mitupu hata akiwa analia.

Sasa, unajua kwetu mama mkwe hakai karibu na mkwe wake. Mama Peres alipomwona Ochieng' kushoto alijifunika leso mpaka kwenye nyusi, akaenda kulia, ukingoni kabisa. Wale saba wakamfuata na magunia yao. Boti ikalala kulia.

Ningewaambia wasogee. Lakini mimi ni nani nimwambie mama wa watu asogee kwa mkwe wake? Niliona aibu. Fundi alikuwa mbele akimsaidia Okelo kukaza kamba ya usukani, nami nikajiambia nitumie akili yangu. Upande wa kulia umezidi uzito, nikifungua koki mafuta yatagawana nusu kwa nusu na boti itanyooka. Nikaifungua. Nikarudi kwenye sufuria ya chai nikiwa nimejipenda sana.

Mwanangu, mafuta hayakugawana. Upande wa kulia ulikuwa chini, basi dizeli ya kushoto ikateremka huko, na kadiri ilivyoteremka ndivyo boti ilivyozidi kulala. Tulipofika ncha ya Rusinga, palipo na upepo wa mchana, injini ya kushoto ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Ile nyingine ikabaki ikisukuma peke yake, boti ikageuza kichwa, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Maji yakalowesha omena.

Mzee Odiwuor akashuka mbio, akachovya fimbo kwenye tangi la kushoto. Ikatoka kavu.

"Tangi limetoboka," akasema, akalala kifudifudi na kuanza kupapasa chini akitafuta panapovuja.

Nami nimesimama pale na kijiko mkononi, kimya. Hilo linaniuma kuliko koki yenyewe. Alipapasa na kupapasa, mpaka nikamsikia Ochieng' akiuliza kutoka juu, "Fundi, tutafika kabla ya jioni?"

"Sijui, ndugu yangu."

Ndipo ulimi wangu ukafunguka. "Baba, halikutoboka. Ni mimi nilifungua koki."

Hakunipiga, hakunitukana. Aliifunga koki, akajipangusa, akanitazama. "Nyar Kadem, dizeli haimwogopi mkwe. Ukiifungulia, inamwendea aliye chini."

Kisha akapanda juu, akawaomba wanawake wahamie kushoto.

"Nihamie wapi?" Mama Peres akauliza chini ya leso. "Huoni aliyekaa pale?"

"Mama, boti itapinduka."

"Ipinduke nikiwa na heshima yangu."

"Heshima yenyewe utaianika wapi, Peres, ikishalowa?" Dorsila akamuuliza.

Mzee Odiwuor hakubishana. Akarudi chini, akamwita Ochieng', "Shuka huku kwangu, nina kazi inayotaka mikono." Kijana akashuka, upande wa kushoto ukabaki wazi, na Mama Peres akavuka na watu wake bila kumwona mtu. Boti ikanyooka. Huko chini Ochieng' akashika pampu ya mkono, akairudisha dizeli kutoka tangi la kulia kwenda la kushoto, akipampu kama mtu anayepigania roho, na kweli alikuwa anaipigania. Fundi akalegeza skrubu ndogo kwenye injini, povu la hewa iliyokuwa imeingia likatoka, likatoka, mpaka ikaja dizeli safi. Akakaza. Injini ikawaka.

Tulifika Homa Bay jua bado lipo. Nilisimama kwenye gati nikawatazama wakienda hospitali, Mama Peres kando hii ya barabara, Ochieng' kando ile, na mwendo wao ulikuwa mmoja. Akinyi alipona. Mtoto wake leo naye ana mtoto.

Kesho yake asubuhi mzee Odiwuor aliniita kwenye matangi. "Leo koki utaifungua wewe, na utaniambia kwanza kwa nini." Tangu hapo alinifundisha kila kitu.

Basi sikia, mwanangu. Kila injini inywe kwenye tangi lake, na koki ya katikati ikae imefungwa mpaka uwe na sababu unayoweza kuitamka kwa sauti. Chovya fimbo kila ukisimama, usiiamini mishale ya kwenye kioo. Boti ikilala, sogeza watu na mizigo kabla hujagusa mafuta, na kama ni wakubwa wako, watafutie njia ya kuhama bila kuvunjiwa heshima, lakini usiwanyamazie kwa aibu. Na ukikosea, sema papo hapo. Mzee wa watu asilale kwenye maji machafu akitafuta tundu ambalo wewe unajua halipo.

Nenda salama. Mungu akulainishie ziwa unapokwenda na unaporudi, na wanaokungoja ufuoni wazisikie injini zako zote mbili kabla hawajakuona.