Wimbo Mrefu Alionitumia Mwanangu

Mimi kazi yangu ni kuchonga mizinga ya nyuki. Nasema mapema ili usije ukadhani unasoma habari za mtu anayejua muziki. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa amani, kila mmoja akamtakia mwenzake heri. Nyumba yangu iko Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, na nyuma yake kuna kibanda cha nyasi ninachochongea. Asubuhi mpaka jioni ni mimi, tezo na gogo. Katika sisi watatu, gogo ndilo lenye maneno mengi.

Zamani maneno yalikuwa ya mke wangu. Alikuwa anaongea kwa niaba ya nyumba nzima, na kuku ukiwahesabu. Tuna mtoto mmoja tu, wa kiume, yuko Dar es Salaam, anafunga mitambo ya sauti kwenye kumbi za harusi. Jumapili watu wakitoka kanisani alikuwa anapiga simu, na anayempigia ni mama yake. Wataongea weee, mpaka sufuria inaungua. Mimi nakaa pembeni nanoa tezo, masikio yote yako kwenye simu. Mwisho kabisa mke wangu anapaza sauti: "Haya, baba yako hapa anakusalimu!" Hapo mimi nakohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu. Mtoto wa watu nimemlea kwa kikohozi.

Mke wangu alipofariki, watani walikuja msibani kama inavyotakiwa. Kwetu msiba bila watani ni kama ugali bila mboga. Mtani wangu mkubwa ni Mgogo mmoja, fundi simu pale sokoni. Utani wetu ni wa tangu enzi za wapagazi, babu zangu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kuelekea pwani, wakanyimwa maji, au wakaiba maji, inategemea anayesimulia ni nani. Basi siku ile yule bwana akajifunga kanga ya marehemu, akavua kiatu, akakiweka sikioni kama simu, akaanza kutembea katikati ya waombolezaji:

"Haloo! We mtoto, umekula? Hicho kikohozi umekunywa dawa? Usipande pikipiki na mvua hiyo! Haya, baba yako hapa anakusalimu, amekaa kama mzinga usio na nyuki!"

Ilikuwa sauti yake kabisa. Watu walicheka mpaka wakalia upya. Mwanangu alicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashikiliwa. Watu walipotawanyika, mwanangu naye akapanda basi lake, nikabaki nimekaa kwenye kigoda changu na ndiyo nikaelewa kwamba mtani alikuwa amesema jambo. Nani sasa atasema baba yako anakusalimu?

Jumapili zikaendelea. Simu ikawa inakuja kwangu, nami naipokea kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Za huko?"

"Tupo." Nilikuwa nasema tupo, kana kwamba tuko kijiji kizima.

"Mvua vipi?"

"Imenyesha juzi."

"Afadhali. Haya, Baba."

"Haya."

Halafu kila mtu anaogopa kukata kwanza. Mvua ndiyo iliyokuwa inatubeba. Kiangazi kilipoingia tukabaki na salamu tupu, na simu zikawa zinaisha kabla hata sijapata pa kukaa. Nikaanza kuogopa. Si kwamba mwanangu ni mtoto mbaya, hapana. Niliogopa itafika Jumapili moja atasahau, tu, kama mtu anavyosahau kufunga dirisha, na mimi sitakuwa na la kumwambia la kumfanya akumbuke Jumapili inayofuata.

Jumapili moja nikasikia kitu kinalia nyuma ya sauti yake. Si bongofleva, si kwaya, si taarabu. Kama watu wanahamisha makabati na kinanda kiko ndani ya kabati.

"Nini hicho kinacholia huko?" nikauliza. Lilikuwa swali refu kuliko yote niliyowahi kumuuliza.

"Aah, hii? Bendi moja ya Wazungu, Baba. Ya zamani. Wanaita progresivu roki."

"Progresivu ndiyo nini?"

Akafikiri. "Kama... maendeleo, hivi."

"Roki ya maendeleo."

"Tuseme hivyo, Baba." Akacheka. Halafu, jamani, akaongea! Akaniambia mpiga ngoma wao hahesabu kama watu wengine, akaniambia kuna kinanda kinaanza kama kanisani halafu kinapotea njia, akaniambia wimbo mmoja unakula upande mzima wa sahani ya santuri. Nilikuwa nasema "enhe" na "ehee", sielewi kitu, lakini nimesimama, jua linanichoma kichwani na siondoki. Mara ya mwisho kumsikia akiongea hivyo, alikuwa anaongea na mama yake.

"Nikutumie?" akauliza.

"Nitumie."

Wimbo ulikuja. Simu yangu spika yake ni ya kunong'ona, lakini mchonga mizinga hakosi spika: unaingiza simu ndani ya mzinga mtupu, sauti inatoka imenenepa. Nikauweka mzinga juu ya mawe, nikakaa mbele yake kwenye kigoda, nimevaa shati safi. Ndiyo, nilivaa shati safi. Nilijua ni jambo zito.

Mwanzo ulikuwa upepo. Upepo tu. Nikadhani simu imezima, nikachungulia. Kikaja kinanda. Ikaja ngoma, imeanguka kutoka juu ya ngazi na haijafika chini. Gitaa likaanza jambo zuri kabisa, nikaanza kutikisa kichwa, likaacha, likaondoka na hamsini zake. Mwimbaji alitokea wakati nimeshakata tamaa nimekwenda kuchochea moto. Kiingereza chake sikukipata, zaidi ya "mvua", na hilo likanipa moyo, nikajua angalau na yeye ana mtoto wa kuongea naye. Halafu kikawa kimya. Nikasema ahsante Mungu, umekwisha. Naingiza mkono nitoe simu, bendi nzima ikalipuka mle ndani. Niliruka nikaangukia mavumbi ya mbao na shati langu safi.

Jirani yangu akatokeza kichwa juu ya ua wa minyaa. Ni mama mmoja mwimbaji wa kwaya ya Moraviani, alikuwa shoga wa mke wangu.

"Shemeji! Umekamata fisi?"

"Ni roki ya maendeleo."

"Maendeleo gani hayo yanabweka?"

Nikajikung'uta mavumbi. Wimbo ule ulikuwa kama mkutano wa kamati ya maendeleo ya kata: mrefu, kila mtu anasema kwa zamu, wengine wanasema kwa pamoja, na ukitoka hujui kimeamuliwa nini.

Kesho yake nikaenda mjini kwa mtani, fundi simu. Akausikiliza huku anachokonoa simu ya mtu.

"Mtani, hii imeharibika," akasema. "Wimbo gani hauna kiitikio? Hawa walikuwa wanautafuta wimbo, hawakuupata, wakarekodi kule kutafuta."

"Mwanangu anaupenda."

"Basi nikutolee mifupa." Yeye kazi yake nyingine ni kukatakata nyimbo kwa ajili ya washereheshaji, bwana harusi anapoingia wanataka pale patamu tu. Akakata huku, akakata kule, akabakiza kipande kidogo ambapo gitaa linalia kama mtu aliyepokea habari. Pazuri sana. Nikapanda baiskeli kurudi nyumbani nimeridhika, nimepata minofu.

Jumapili nikawahi kabla ya mvua na salamu za huko: "Wimbo wako nimeusikiliza wote. Mfupi, lakini mtamu."

"Mfupi?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Baba, ule wimbo ni dakika ishirini na zaidi."

Ikabidi nieleze habari ya mtani na mifupa. Alicheka. Lakini nilisikia kicheko kinashuka, kama ndoo inayorudi kisimani. Mwisho akasema, kwa upole, "Basi, Baba. Usijisumbue."

Usijisumbue. Unamwambia hivyo mgeni anayetaka kukusaidia kuosha vyombo. Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nilichonga nalo, nikala nalo ugali, na ugali wa mtu mmoja nao unajulikana, unaupika mdogo na bado unabaki.

Wimbo mzima ulikuwa bado upo kwenye simu. Nikaanza kupambana nao. Kila jioni nakaa mbele ya mzinga kama mganga mbele ya mgonjwa mkaidi, naukazia macho, najiuliza hapa wanataka nini, na hapa je. Kadiri nilivyoukodolea ndivyo ulivyofunga mlango. Baadaye nikachoka. Nilikuwa na oda ya mizinga ya watu wa Usinge, msimu wa kutundika unakaribia, sikuwa na jioni za kupoteza. Nikawa nauacha tu uimbe ndani ya mzinga mmoja huku nachonga mwingine. Sikuusikiliza. Ukiisha naurudisha mwanzo, kwa sababu ule ukimya baada ya kuisha ulikuwa mbaya kuliko wimbo wenyewe.

Marehemu baba yangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa mkali kwa jambo moja. Mzinga mpya unaupaka nta, unautundika mtini, unaondoka. Ukienda kuchungulia kila siku, nyuki hawaingii. Siku wakiingia, utasikia ungurumo ukiwa bado uko mbali. Mimi mizinga ya watu sijawahi kuichungulia. Ila sikuwaza hayo wakati ule. Ningekuwa na akili ya kuwaza mambo kwa wakati wake ningemaliza shule.

Aliyegundua ni jirani. Alikuwa anatwanga upande wake wa ua, akaacha kutwanga.

"Shemeji, leo mmepatana?"

"Na nani?"

"Na fisi wako. Tezo lako linakwenda naye."

Nikasimamisha mkono. Ni kweli. Mimi nikichonga tumbo la mzinga napiga mbili, mbili, halafu tatu za harakaharaka za kutoa vibanzi. Ndivyo alivyokuwa anapiga baba, sijui alipata wapi. Na mle ndani ya mzinga yule mpiga ngoma, asiyehesabu kama watu wengine, alikuwa anapiga mbili, mbili, na tatu za harakaharaka. Hakuanguka kwenye ngazi bwana yule. Alikuwa anachonga.

"Endelea basi," jirani akasema, "nami nitwange nanyi."

Tukaenda hivyo, mchi na tezo na Wazungu, mpaka pale pa kimya. Safari hii sikuingiza mkono. Nilijua hawajaisha, wametua mzigo tu. Babu zetu njia ya kwenda pwani hawakuipiga kwa siku moja, walikuwa na kambi. Unatua, unavuta pumzi, mtu mmoja anaanza kuimba taratibu, halafu wote juu tena. Wimbo ule ulikuwa na kambi. Walipolipuka nilikuwa tayari nimeinua tezo, na lile gitaa la mtani, lile la minofu, lilipokuja baada ya mwendo wote ule, nikaelewa kwa nini linalia. Mtani alikuwa amenikatia kilio bila msiba wake. Nikageukia nyumba ili nimwite mtu aje asikie. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kabisa.

Jumapili niliingoja kama sikukuu. Salamu nilizipitia mbio.

"Pale katikati, kabla hawajatua mzigo," nikasema, "yule wa ngoma anapiga mbili, mbili, tatu. Ndivyo ninavyochonga mimi."

"Baba, umefika pale?"

"Nimefika. Kwa miguu."

Akapumua. "Mimi siku hizi siusikilizi."

Sikutegemea hilo. Nimetembea mpaka pwani, naambiwa wenyeji wamehama.

"Nilikuwa nausikiliza kipindi kile baada ya Mama," akasema. "Nikirudi chumbani nilikuwa nataka kitu kirefu, kisichoisha haraka. Baadaye nikashindwa. Nikaufuta."

Hapo mke wangu angejua la kusema. Mimi nikafanya ninachokijua: nikakohoa. Upande wa pili nikasikia kama anacheka, kama hacheki.

"Mimi ninao," nikasema. "Nikutumie?"

"Nitumie, Baba."

Mtandao wa Itetemia ni wa kupandia kichuguu. Nikapanda, nikatuma, ikaja tiki moja, baadaye mbili. Zile za kuonyesha kwamba amefungua hazikuja. Hazikuja siku ile, na kesho yake hazikuja. Nikaitia simu ndani ya mzinga ili nisiwe naichungulia, nikashika tezo.

Jumanne simu ikanguruma mle ndani. Mwanangu hapigi Jumanne. Niliingiza mkono kwa pupa nikachunika kiwiko, nikaishika na damu yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Hakuuliza mvua. Nyuma yake nilisikia ule upepo, upepo tu, wa mwanzo.

"Za huko?" akasema.

Nilitaka kusema tupo.

"Niko mwenyewe," nikasema.

"Na mimi," akasema. Kinanda kikaingia. Nikavuta kigoda, nikakaa.