Bendera Niliyoifunga Kama Mbuzi

Chekeni tu, soko lote la Kyuso lilishacheka, na kama ningekuwa na aibu kama watu wengine ningekuwa nimehama kitambo. Mimi nauza mbuzi. Kazi naipenda, lakini baba mkwe wangu, mzee wa Kilungu kwenye machungwa na maparachichi, hakuipenda hata kidogo, na hapa kwetu alikuwa anapaita jangwani ("binti yangu yuko huko jangwani, mahali hata bendera haijafika"). Kwa hivyo kamati ya soko iliposimamisha mlingoti mpya, nikamwalika aje ajionee, na nikabembeleza mpaka nikakubaliwa niwe mimi wa kupandisha bendera.

Asubuhi mwalimu wa skauti alikuja kunionyesha vile bendera hufungwa, fundo jepesi ambalo bendera ikifika juu ukivuta kamba kidogo linaachia. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimefunga mbuzi maisha yangu yote, nishindwe na kitambaa?" Hapo ndipo nilijimaliza. Nikaikunja, nikaifunga, na kwa sababu chifu alikuwa ameshafika, beberu wangu wa kuuza siku hiyo nikamfunga harakaharaka kwenye kibanda cha Mama Mwende, muuza ndengu.

Kwaya ya kanisa ikaanza wimbo wa taifa, soko lote likasimama wima (bendera ikipanda hakuna kutikisika), hata mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani. Nikavuta, ikafika juu, nikaipa kamba mvuto mmoja wa madaha ili ifunguke. Ikakataa. Nikavuta tena kwa nguvu, na fundo la mbuzi, kwa wasiojua, kadiri mbuzi anavyovuta ndivyo linavyokaza. Bendera ikaning'inia kule juu kama mfuko wa unga, na baba mkwe yuko mstari wa mbele, kofia kifuani. Kwaya ikamaliza beti zote, ikamwangalia chifu, chifu bado amepiga saluti, basi wakarudia ubeti wa kwanza.

Ndipo nikamwona beberu wangu, kamba inaburuta, kichwa chote ndani ya gunia la ndengu. Mama Mwende alikuwa anamwona pia, lakini hakusogea, mzalendo wa kweli, akaniambia kwa pembe ya mdomo, "Kyalo, mbuzi yako inakula ndengu yangu."

"Nimeona, mama. Ngoja hii ifunguke."

"Na isipofunguka?"

Nikaishusha. Nikajaribu kwa kucha, wapi, na mbele ya chifu, kanisa na baba mkwe, nikalitia lile fundo mdomoni nikaling'ata kama fisi. Nilitamani ardhi inimeze. Lilipoachia, mwalimu akaifunga upya mwenyewe, akaipandisha, ikafunguka kwa mvuto mdogo tu, na vigelegele vikapigwa mpaka nikasahau kidogo kwamba nimeaibika, kwa sababu bendera yetu ilikuwa inapendeza jamani.

Baba mkwe akanijia polepole. "Mkwe wangu, bendera umeifunga kama mbuzi, na mbuzi ukamfunga kama bendera." Akaenda zake Kilungu, na mimi nikajua heshima yangu mbele ya mzee huyo imekwisha.

Tangu siku hiyo nimeapa, kamba ya bendera siigusi tena, hiyo ni kazi ya skauti.

Lakini juzi boksi la machungwa likaja kutoka Kilungu, salamu za mzee kwa "watu wa jangwani", limefungwa kwa kamba ya katani. Mke wangu akajaribu kulifungua akashindwa. Nikalishika mimi, nikavuta kamba, fundo likakaza zaidi. Nikalitazama vizuri, nikacheka peke yangu, halafu nikaanza kulifungua kwa meno. Lilikuwa fundo la mbuzi.